Miche ya Mwezi wa Juni

Siku hizi mkiwasha redio mnasikia wakubwa wa mataifa wakibishana: nani apunguze moshi, apunguze kiasi gani, na ifikapo mwaka gani awe amefikia lengo. Mpwa wangu aliniuliza juzi mabishano hayo yanatuhusu nini sisi wa Ukambani. Nikamwambia nilishakaa ndani ya mabishano kama hayo, Mbumbuni, kwenye benchi isiyo na egemeo, na nilipoinuka sikuwa na kazi tena. Akadhani natania. Nimeona afadhali niwaandikie, maana nikisimulia kwa mdomo huwa naruka kama panzi.

Nimefanya kazi nyingi, na nyingi kati ya hizo niliziacha kabla hazijaniacha. Shule niliachia darasa la nne, pale Mukuyuni. Sikufukuzwa. Gredi ya kuchonga barabara ilipita karibu na darasa, na mimi nikataka kujua lile bamba la chuma tumboni linageukaje. Niliifuata hadi jioni. Kesho yake nikaifuata tena. Siku ya tatu dereva akanipa debe la kuchotea maji, na tangu hapo sikuona sababu ya kurudi kwenye dawati. Lakini ile hamu ya kujua kitu kinageukaje haijaniisha, na ndiyo iliyonifikisha kwa Mzee Kimeu.

Kimeu alikuwa mchoma makaa upande wa Kanyangi. Nilimkuta miaka ya sitini ikielekea mwisho, nikiwa kijana mkubwa mwenye ndevu tatu na majivuno mengi. Mwili wake ulikuwa mwembamba, mikono mikubwa, na hakupenda maneno. Siku ya kwanza alinipa shoka akaniambia nikate muuku, ule mti wa makaa mazito. Niliukata chini kabisa, usawa wa udongo, nikidhani ninamwonyesha nguvu.

Akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Nimeona. Umemmaliza kabisa. Huyu harudi."

Ndipo akanifundisha. Mti unakatwa usawa wa goti. Mkato uwe wa mshazari, ili maji ya mvua yateleze yasikae juu ya kisiki na kukiozesha. Unakata mwisho wa kiangazi, ili machipukizi yakutane na mvua. Yakitoka kumi unabakisha mawili au matatu, yale manene yaliyoshika upande wa chini, mengine unayang'oa. Na humkati ndugu yake wa jirani hadi huyu awe amesimama. Kimeu alikuwa amezunguka kilima kimoja miaka mingi, akikata na kurudi, na kilima kilikuwa bado na miti. Wale waliokuja na lori kutoka mbali walikata kila kitu msimu mmoja, wakaenda zao. Makaa yao na ya Kimeu yalifanana gunia kwa gunia. Tofauti ilikuwa kilimani.

Tanuri nalo lina lugha yake. Unapanga magogo, unafunika kwa nyasi na majani, kisha udongo, unaacha matundu ya kupumulia. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka kwenye kuni, usiyaingilie. Moshi ukiwa mwembamba, wa bluu, ziba matundu upesi. Na udongo ukidondoka mahali, hata pa ukubwa wa kiganja, upepo unaingia na kila kitu kinakuwa majivu.

Najua hilo kwa sababu nililifanya. Kimeu aliniachia tanuri asubuhi moja akaenda mazishini. Ng'ambo ya bonde walikuwa wamekuja watu na mtambo wa kuchimba kisima, na sauti yake ilinisumbua masikio. Nikasema nitachungulia mara moja nirudi. Niliporudi jua lilikuwa limepinduka. Tanuri lilikuwa limebonyea ubavuni, na ndani mlikuwa na majivu meupe kama unga wa muhogo. Kimeu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe anakula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe.

"Huko uliona nini?"

"Maji, mzee. Yalitoka machafu kwanza, kisha yakasafika."

"Vizuri," akasema. "Hapa ungeona moto."

Mvua ikaja ikanyesha. Baada ya wiki kama tatu akaniita. "Njoo uone. Upumbavu wako umezaa."

Kuzunguka yale majivu kulikuwa na duara la miche midogo. Ilikuwa mikau. Nyinyi mnaijua kwa mbao zake ambazo mchwa hawazigusi. Lakini wakati ule hakuna mtu niliyemjua aliyeweza kuotesha mukau kwa kutaka. Ulijiotea wenyewe au haukuota. Tunda lake hupendwa na mbuzi. Hula nyama ya nje, na wakiwa wamelala wanacheua wanatema kokwa, ngumu kama jiwe. Pale tulipojenga tanuri palikuwa zamani na zizi. Katikati, palipoungua sana, hapakuota kitu. Mbali na moto pia hapakuota. Ni pale ukingoni tu, palipopata joto la kupasua kokwa bila kuivisha kilicho ndani.

Nilichutama pale nikitazama hadi Kimeu akachoka. "Ukimaliza kuomba," akasema, "kuna magogo ya kubeba."

Ujinga ule ndio ulionipa kazi. Miaka mingi baadaye nilivuka mto Athi nikaenda upande wa Mbumbuni. Makueni bado ilikuwa sehemu ya Machakos. Kulikuwa na kitalu cha serikali, na afisa wa misitu alikuwa na magunia ya kokwa za mukau yaliyokataa kuota. Nilikuwa nimekuja kutafuta kibarua cha kuchimba mashimo. Nikamwambia tatizo si mbegu, tatizo ni nyumba yake. Akanipa wiki mbili. Sikuthubutu kutumia moto, maana moto haupimiki, nikajaribu kisu kidogo na jiwe. Unagonga kokwa kwa ubavu wake, ipasuke kama njugu. Unatoa mbegu bila kuijeruhi, unakwaruza ngozi yake kwa ncha ya wembe upande wa kichwa, unailoweka, kisha unaifukia kwenye mchanga uliopata jua. Vidole vyangu vilikatika hadi akina mama wa kitalu wakasema mukau ni mti unaotaka damu kwanza. Lakini uliota. Afisa akaniandika kazi, mimi wa darasa la nne, na akanipa daftari la kuhesabu miche.

Wale akina mama walikuwa mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi shamba kwa shamba, na kiongozi wao alikuwa Mama Mumbua. Mama huyo hakuwahi kupaza sauti kanisani wala kitaluni, na hakuna aliyethubutu kumfanya arudie jambo mara mbili. Wao ndio walionyweshea miche. Maji waliyachota mtoni, kwenye shimo la mchangani, wakapanda nayo mlima na mitungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ni juu ya maji hayo hadithi hii inasimama.

Mwaka mmoja, katika miaka ya themanini, baada ya ukame uliotuacha na mifupa ya ng'ombe njiani, amri mbili zilishuka. Ya kwanza, kuchoma makaa ni marufuku. Ya pili, kila lokesheni, yaani eneo la chifu mmoja, iwe imepanda idadi yake ya miti. Yetu ilikuwa elfu ishirini. Lokesheni itakayofikia lengo itajengewa tangi la mawe kitaluni na kuvutiwa bomba. Itakayoshindwa itafungiwa kitalu. Na hesabu ifungwe mwisho wa Juni, kwa sababu mwaka wa serikali unafungwa Juni.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshaona kosa. Juni ya Ukambani ni upepo na vumbi na baridi ya asubuhi. Mvua yetu ya kuaminika ni ya Novemba. Ya Machi huja ikitaka. Kupanda mche Juni ni kumtuma mgeni nyumba isiyo na watu. Lakini barua ilisema Juni, na tangi lilikuwa tangi. Chifu akaita watu, mashimo yakachimbwa kando ya barabara, shuleni, kanisani, sokoni. Watu walipanda kwa haraka hata wengine hawakuuvua mche ile karatasi ya plastiki. Mimi nilisimama kwenye lango la kitalu, na kila mche uliopita niliutia alama daftarini. Tarehe ya mwisho ilipofika nilikuwa na elfu ishirini kamili. Nilijivunia mwandiko wangu.

Januari iliyofuata Mama Mumbua alinikuta nikinakili hesabu ile kwenye karatasi safi, kwa ajili ya mkutano mkuu wa Februari.

"Hiyo ni nini?"

"Miche iliyopandwa, mwaitu." Ndivyo nilivyomwita, mama yangu, ingawa hakunizaa.

"Umehesabu wapi?"

"Langoni."

"Watoto wakienda shule, unahesabu waliotoka nyumbani ama waliofika?"

Nilichukua daftari nikatembea siku nne. Sitawaficha, nilitamani nisingeanza. Kando ya barabara kulikuwa na vijiti vikavu vilivyosimama kwa mistari iliyonyooka. Nyuma ya shule mbuzi walikuwa wamemaliza hata vijiti. Kisha nikafika kwenye mashamba ya wale wa mwethya, na huko nikakuta mikau ya urefu wa kiuno, majani mabichi, kila mmoja na bakuli lake la udongo la kushika maji. Nikamwuliza mama mmoja mbona yake imepona.

"Nimepanda Novemba."

"Lakini daftari linasema ulichukua miche ukapanda Juni."

"Daftari lilipanda Juni," akasema. "Mimi nilipanda Novemba."

Walikuwa wamefanya hivyo wote. Miche ilitoka langoni kwa ajili ya hesabu, ikaenda kukaa nyuma ya jikoni, kivulini, ikinyweshwa maji yaliyooshewa vyombo, miezi mitano. Hawakuniambia, maana mimi nilikuwa mtu wa daftari.

Nilirudi kwa Mama Mumbua. Nikamwambia nikisoma hesabu ya langoni, tangi linakuja. Nikisoma ya mashambani, linaenda lokesheni nyingine, na kitalu kinafungwa, na tena wao wataonekana walikaidi amri.

"Ndiyo," akasema.

"Sasa nifanyeje?"

"Maji nabeba mimi, si wewe. Sikukuambia useme. Nilikuambia uhesabu."

Nililala na jibu hilo wiki mbili, na lilikuwa gumu kulalia.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa soko, Mbumbuni. Alikuja afisa mkubwa wa kutoka juu, akaja chifu, akaja diwani wetu, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Na akaja Kimeu, amezeeka. Miaka ile yote ndiye aliyekuwa akiniletea kokwa za mukau kutoka mazizi ya ng'ambo ya Athi, na siku ile alikuwa na gunia lake begani. Alikaa nyuma kabisa.

Diwani alianza. "Moshi wa hawa wachoma makaa ndio unaofukuza mvua. Sisi tumepiga marufuku moshi, na tumefikia lengo la miti. Lokesheni zingine zije zijifunze hapa."

Watu wakapiga makofi. Kimeu akainua mkono. "Bwana diwani, asubuhi umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mzee."

"Ilichemka na nini?"

Ukumbi ukacheka, na diwani pia akacheka kidogo, kwa sababu kila mtu alijua kuna makaa jikoni kwake.

"Sikatai kupunguza," Kimeu akaendelea. "Niambie tu nipunguze nini. Mimi hukata mti na unarudi. Nimetembea kutoka barabarani hadi hapa, nimepita miti yako. Mingine imekufa bado imevaa nguo."

Hapo hakuna aliyecheka. Diwani akasema mchoma makaa hawezi kufundisha serikali kupanda miti. Mtu mwingine akasema basi serikali ilete mvua Juni. Kelele zikapanda, kila mmoja na adui wake: makaa, mbuzi, malori, wazungu wa zamani, vijana wavivu. Afisa akagonga meza. "Tufuate rekodi. Wa kitalu yuko wapi?"

Nilisimama.

"Lokesheni hii imepanda miche mingapi?"

Nilimtafuta Mama Mumbua kwa macho. Alikuwa anatazama mikono yake. Upara mdogo wa ile kamba ya mtungi ulionekana pale leso yake ilipoanzia.

"Iliyotoka langoni ni elfu ishirini, bwana," nikasema. "Iliyo hai ni elfu tatu na kitu. Nimeigusa mmoja mmoja."

"Sikukuuliza iliyo hai."

"Najua, bwana. Na karibu yote hiyo haikupandwa Juni. Ilipandwa Novemba."

Diwani akaniambia nikae chini. Afisa akauliza nani alivunja maagizo. Hapo nilikuwa nimefika mwisho wa ushujaa wangu. Ndipo Mama Mumbua akainuka, polepole, akarekebisha leso.

"Ni sisi. Tuliificha nyuma ya jikoni. Mheshimiwa, kuku akilalia mayai, hata chifu akiitisha baraza haangui kabla ya siku zake. Andika tulichelewa. Tulikuwa tunangoja mvua."

Yule afisa aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye ana mtu anayemngoja na karatasi kama ile. Kisha akaandika: lengo halikufikiwa. Tangi likaenda kwingine. Kitalu kikafungwa mwisho wa mwezi, na mimi nikafungwa nacho. Lori lilipokuja kuchukua vifaa, yule afisa wa mkutano mwenyewe alisimamia, na kwa namna fulani akasahau wilbaro mbili na mzigo mzima wa karatasi za kuoteshea. Aliusahau ukiwa mbele ya macho yake. Sikupata nafasi ya kumshukuru, kwa hiyo namshukuru hapa.

Jioni ya mkutano nilimfuata Mama Mumbua njiani. "Nimekupotezea tangi, mwaitu."

"Umenipotezea," akasema. "Sasa beba." Akanipa mtungi.

Nilibeba maji miezi miwili. Kitalu kilihamia shambani kwake bila bango na bila daftari. Nilijifunza kwamba kamba ya paji la uso inauma zaidi kuteremka kuliko kupanda, kwa sababu unaogopa. Kimeu alikaa siku kadhaa akiwaonyesha akina mama jambo fulani na panga lake, sikufuatilia. Nilikuwa mtoni. Kisha ile hamu ikanijia, nikasikia kuna mahali wanajenga daraja, nikaenda kuangalia linasimamaje. Sikumwona Kimeu tena. Alifariki kwao Kanyangi, na nilipopata habari nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake.

Mwaka jana nilipita kwa Mama Mumbua. Macho yake yamepungua, lakini alinijua kwa hatua. Tulikaa mbele ya nyumba, na mlango wa nyumba ile, vijana wangu, ni mbao za mukau, nyekundu kama chai ya rangi.

"Nasikiliza redio," akasema. "Nasikia hao wakubwa wanabishana habari ya moshi, na wameweka mwaka wa kumaliza."

"Ndiyo, mwaitu."

"Juni yao ni lini?"

Akanyoosha fimbo kuelekea shambani. "Ile miche ya jikoni imebaki mingapi? Mimi sioni vizuri. Hesabu."

Nilitembea kati ya miti ile, mingine siwezi kuikumbatia, nikaigusa mmoja mmoja kama nilivyofanya zamani. Nikarudi. "Arobaini na miwili."

"Rudia."

Nikarudia. Nyuma ya boma, karibu na ua, niliona kisiki ambacho mara ya kwanza nilikipita. Huo ndio mti uliotoa mlango. Ulikatwa usawa wa goti, mkato wa mshazari, safi, maji yateleze. Machipukizi mawili yalikuwa yamebakishwa, yale ya upande wa chini, na tayari yalikuwa yamenipita urefu. Niliweka kiganja juu ya ule mkato nikakaa nao kidogo.

"Mingapi?" akaita kutoka mlangoni.

"Arobaini na mitatu, mwaitu."

"Haya. Njoo unywe chai."